Palipotulia

Mtu wa Voi hamwagi maji ovyo. Ya mfereji huja siku yanayotaka yenyewe, na ya kisima yana chumvi, hata chai hukataa kukolea. Kwa hiyo yaliyofulia nguo ndiyo yanayodekia sakafu, na yaliyodekia sakafu ndiyo yanayomwagiwa mpapai. Ndiyo maana Jumamosi ile ya mwezi wa nane Elsie alisimama na kitambaa cha kudekia mkononi, akiyatazama maji yake kama mtu anayemtazama ng'ombe wake akiingia boma la jirani.

Sakafu ya sebule yao ilielekea nyuma. Fundi aliilaza hivyo makusudi, ili maji yatokee kwenye tundu la ukuta yaende moja kwa moja kwa mpapai, na kwa miaka tisa yalikuwa yakitii. Siku hiyo maji ya sabuni yalienea chumba kizima, yakatulia, kisha yakaanza kurudi. Yalijikusanya katikati, yakafanya njia nyembamba kama mkeka wa mtoto, yakapanda kuelekea mlango wa mbele. Kushoto palikuwa na povu. Kulia palikuwa na povu. Katikati hapakuwa na povu hata chembe. Palikuwa pametulia, peusi kidogo, pazuri hata kupatazama. Na katika utulivu huo sapatu ya binti yao Sharon, wa miaka kumi, ilikuwa ikienda zake nje, polepole, bila kugeukageuka, kama iliyoitwa.

"Baba Sharon," Elsie aliita kwa sauti ya chini, "hebu njoo uone sakafu."

Hudson alikuja na kalamu nyekundu sikioni, maana alikuwa akisahihisha madaftari ya hesabu. Elsie alitazamia amtukane fundi, kama kawaida yake. Hakutukana. Alitazama povu huku na povu huku, akatazama pale katikati, halafu akainua macho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa. Akasema nyumba imetitia upande mmoja, akaokota sapatu, akarudi chumbani na kufunga mlango. Elsie alisikia kitanda kikilia.

Nyumba haikuwa imetitia. Hudson alijua hivyo, na alijua pia alikuwa ameyaona wapi maji ya namna ile.

Jumatatu ya Pasaka mwaka huohuo kwaya ya kanisa lao ilikodi basi ikaenda baharini. Hudson alikuwa amewafundisha kuimba kwa miaka kumi na miwili, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa safari. Wengi wa waimbaji walikuwa watu wa milimani, wa Wundanyi na kandokando yake, na bahari waliijua kwa picha za kalenda. Waliposhuka walimtazama Mwalimu awaonyeshe pa kuingilia.

Tusiwe wepesi wa kumhukumu. Mtu hutumia alichofunzwa. Hudson alizaliwa Wundanyi, na mtoto wa kule hufundishwa kuvuka mto kabla hajafundishwa kusoma: mvua ikinyesha usikanyage penye povu, kwa kuwa povu ni maji yanayogombana na mawe, tafuta palipotulia, upite hapo. Basi akaitazama bahari kwa macho ya mto. Mawimbi yalikuwa yakivunjika kila mahali, meupe, yenye kelele, isipokuwa mahali pamoja penye upana wa barabara, ambapo hayakuvunjika kabisa. Akapaonyesha kwa kidole.

Mama mmoja aliyekuwa akikaanga bajia kwenye kibanda cha makuti aliacha karai motoni akaja mbio, mikono yote unga. Jina lake Mwanakombo.

"Mwalimu, hapo sipo," alimwambia. "Hapo palipolala ndipo bahari inapotokea. Waweke hapa penye povu, maji ya magoti, mbele ya banda langu."

Hudson alimshukuru kwa adabu. Ndani ya basi alikuwa amewaonya wenzake juu ya watu wa ufuoni na ujanja wao wa biashara, na sasa aliona mama anataka wateja waogelee karibu na bajia zake. Alisema hivyo kwa Kidawida, lugha ya kwao milimani, ili mama asielewe. Waimbaji wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Kicheko hicho alikuja kukisikia siku nyingi.

Waliingia wawili kwanza, kupapima. Mmoja ni yeye. Wa pili ni Daisy, sauti ya kwanza, msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akingoja kuanza chuo cha ualimu. Maji yalikuwa ya kiuno, kisha mchanga ukawatoka chini ya nyayo. Hakuna kilichowavuta chini. Hakuna kilichomshika mtu mguu. Walibebwa tu, upesi na bila kelele, wakauona ufuo ukinywea. Hudson akaugeukia ufuo na kupiga maji kwa nguvu zote alizozaliwa nazo. Daisy akalala chali, mikono wazi, uso juu, na maji yakambeba kama yanavyobeba kibuyu. Mbali kule mchangani Mwanakombo alikuwa akipunga leso na kupaza sauti, lakini upepo uliyala maneno yake.

"Mwalimu, nielee tu?" Daisy aliuliza. Aliuliza kwa utulivu, kama alivyozoea kuuliza mazoezini abane sauti au aiachilie.

Hudson alidhani amekata tamaa. Alimshika mkono, akamwinua, akamwamuru asilale, apige maji, amfuate. Na Daisy alikuwa mtoto wa kwaya. Mwalimu akiinua mkono, unafuata. Wakapambana na ile barabara ya maji uso kwa uso, wala hawakusogea hatua moja. Aliuliza tena, akamkataza. Akauliza mara ya tatu, akamkataza kwa ukali. Mara ya nne Hudson hakuulizwa.

Naye nguvu zilimwishia, akaacha kupiga. Maji yakamchukua mbele kidogo, yakalegea, yakamsogeza kando hadi pale mawimbi yanapovunjika, na wimbi likamtupa mchangani kama takataka. Ilikuwa saa tisa alasiri. Mwili wa Daisy uliletwa na mashua siku ya pili.

Mwanakombo ndiye aliyemfunika Hudson leso jioni ile ya Pasaka, na hakumlaumu. Alimweleza kama anayemweleza mtoto: maji yanayoletwa na mawimbi lazima yarudi, na yana mlango wao wa kurudia, pale mawimbi yasipovunjika ndipo penye mlango. Mkondo huo haumezi mtu, humchosha, na umewachosha wengi, hata watoto. Ukikuchukua usishindane nao. Elea, inua mkono watu wakuone, uache ukupeleke. Ukilegea, ogelea kwa kando, ufuo ukiwa ubavuni mwako, mpaka ufike penye povu. Povu litakurudisha nyumbani.

"Yule binti alijua," Mwanakombo akamaliza. "Sijui nani alimfunza, lakini alijua."

Josephat, katibu wa kwaya, alipokuja kuuliza kilichotokea, Hudson alifungua kinywa ili aseme ukweli, akajisikia akisema, "Kuna kitu kilimshika miguu." Maneno manne tu. Yalipanda milima kabla ya jeneza, na yalipofika Wundanyi yalikuwa yameshakuwa jini. Kwenye mazishi, Gertrude, mama yake Daisy, mjane, alimshika Hudson mikono yote miwili mbele ya watu na kumshukuru kwa kumpigania mwanawe. Hudson hakuivuta mikono yake. Tangu hapo, kila mwezi, Gertrude alituma mkungu wa ndizi na mfuko wa parachichi kutoka shambani kwake, na ujumbe uleule: za Mwalimu, aliyemshika mkono mwanangu. Elsie alizipika. Hudson kila mara alikumbuka ana kazi nje.

Baada ya Jumamosi ile ya sakafu, jambo lenyewe halikungoja Jumamosi nyingine. Kila siku saa tisa chai kikombeni iliegemea upande mmoja na kubaki imeegemea. Shuleni, maji ya kunawia watoto yalitoka kwenye mtungi bila mtu kugusa bomba, yakachora mstari mweusi vumbini kuelekea langoni. Nyumba ilianza kunuka mwani, katika mji ambao upepo wake hauna kitu ila vumbi jekundu la Tsavo. Na kwaya ilipofanya mazoezi Jumapili alasiri, sauti ya kwanza walikuwa wanawake watano na zikasikika sita. Ile ya sita ilivuta pumzi pale Daisy alipozoea kuvuta, kabla tu ya kituo, kosa ambalo Hudson alikuwa amemkanya mwaka mzima. Wale watano walitazamana. Mmoja alinong'ona kwamba labda ni mwangwi wa bati. Hakuna aliyebisha, na hakuna aliyeamini.

Ikawa siku moja ya mwezi wa kumi na moja, jua likiwaka hata kuku wamejificha, Sharon alikuwa uani akiosha viatu vya shule kwenye beseni, na Hudson, aliyekuwa amekaa kizingitini akijifanya kusoma gazeti, aliona maji ya beseni yakijitenga na ukingo, povu likienda huku na povu likienda huku na katikati pakibaki pametulia, akamwona mtoto akiacha kusugua na kuinama polepole kama anayetaka kusoma kitu kilichoandikwa chini, nywele zake za kusuka zikigusa maji na kuanza kuelea, zote zikielekea upande mmoja, upande wa lango, na alipotaka kuinuka alisikia mchanga ukimtoka chini ya nyayo ingawa alikalia saruji, na harufu ya chumvi ikampanda puani hata akakohoa, na ndipo Sharon akainua uso uliolowa, macho wazi na hayamwoni, akasema kwa sauti ya utulivu isiyokuwa yake, "Mwalimu, nielee tu?"

Elsie aliyasikia akiwa jikoni. Alitoka, akamfunika mtoto khanga, akamwingiza ndani akamlaza, akarudi akasimama mbele ya mumewe.

"Mwanangu hajawahi kukuita Mwalimu," alisema kwa kunong'ona.

Hudson akakunja gazeti.

"Aliyeuliza ni nani, Baba Sharon? Na ulimjibu nini?"

Hudson alitazama beseni. Elsie akamwambia kwamba mficha uchi hazai, na kama hataki kumwambia mkewe basi amwambie anayejua mambo hayo. Wao walikuwa watu wa kanisa. Hata hivyo Elsie alimpeleka mumewe kwa Maalim mmoja nyuma ya soko, ambaye Wakristo wa Voi humwendea kwa mlango wa uani. Maalim aliwasha ubani, akasoma, akainamisha kichwa kama anayesikiliza redio ya jirani. Mwishowe akazima ubani.

"Majini hudai," alisema. "Hudai damu, hudai nguo, hudai harufu nzuri. Mimi nawafukuza wanaodai. Huyu hadai kitu, anauliza. Anayeuliza hafukuzwi, hujibiwa."

Wiki hiyohiyo Josephat alikuja nyumbani na furaha. Kwaya itarudi baharini baada ya Krismasi. Vijana thelathini walikuwa wamejiandikisha. Mwombezi mmoja kutoka mbali alikuwa amefunga siku saba, akalifunga lile jini kwa jina na kwa makao yake, na sasa vijana wataingia palepale, palipotulia, si pengine, ili iwe ushuhuda.

"Safari hii, Mwalimu, jini ndilo litakalokodi basi likimbie," Josephat alisema, akacheka peke yake. Kisha akasema wazee wameona aongoze Mwalimu mwenyewe, maana ndiye aliyepambana nalo.

Neno lilikuwa hapo hapo ulimini. Lingemaliza jambo lote: hapakuwa na jini. Hudson alimmiminia mgeni chai nyingine. Akasema atafikiria. Alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi akaingia bafuni, akajitazama kwenye kioo, akageuka asijione. Aibu ya kwanza humfanya mtu anyamaze. Hii ya pili ilikuwa ya kunyamaza kwenyewe, na ilikuwa nzito zaidi, kwa sababu sasa ilikuwa na watoto thelathini ndani yake.

Kesho yake alipanda Wundanyi.

Gertrude alikuwa barazani akimenya maharagwe. Kando yake, chini ya ukingo wa bati, palikuwa na pipa la buluu la maji ya mvua. Alimkaribisha, akamwita Mwalimu, akataka kumpikia. Hudson aliomba asiinuke. Akaanza kusimulia, na kwa kuwa alikuwa amelifunga neno kwa miezi minane, lilitoka bila mpangilio: bajia, kicheko, Kidawida, povu, mto. Alipofika pale Daisy alipolala chali, akakatiza akatazama shambani. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi migombani. Ghafla pipa likagongwa kutoka ndani, mara moja, kama kwa kiganja kilicholegea. Maji yakasikika yakijivuta. Na kutoka humo, kwa upole, kama kutoka chumba cha pili, "Mwalimu, nielee tu?"

Hudson alisimama. Gertrude hakuacha kumenya.

"Kaa," alisema. "Maliza. Huoni anangoja?"

"Mama... unamsikia?"

"Tangu mwezi wa tano. Kila siku wakati huu. Anamwuliza mwalimu, anamwuliza mwalimu." Alitupa ganda. "Mimi si mwalimu. Ningemjibu nini?"

"Kwa nini hukuniita?"

Gertrude alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aketi. "Zile ndizi," alisema, "ulidhani ni za nini?"

Hudson alikaa. Akamaliza: mkono alioushika, mara tatu alizokataza, mara ya nne. Halafu akaligeukia pipa, akasema kwa sauti iliyovunjika, "Elea, Daisy. Ulikuwa sawa. Elea." Maji yakatulia.

Wadawida wana dawa ya zamani ya hasira, wanaiita kutasa, na wapo hata wazee wa kanisa wanaoijua. Mwenye uchungu na mwenzake huchukua maji kinywani, akautafuta uchungu wote moyoni, akautema pamoja na maji mbele ya aliyemkosea, akisema maneno ya kumwachilia. Lakini huwezi kudanganya. Ukitema hali hasira imebaki ndani, ulichotema ni laana. Gertrude alichota kikombe pipani, akajaza kinywa, akamkabili Hudson. Mashavu yake yalitetemeka. Kisha akameza.

"Bado," alisema. "Nikitema leo nitakuharibia mtoto. Nenda kwanza ukawaambie wale vijana."

Jumapili Hudson alifuta namba za nyimbo ubaoni mbele ya kanisa zima, akachora mistari ya mawimbi, akachora pengo katikati. Alieleza maji yanavyorudi. Alieleza mlango. Kisha akaeleza yaliyobaki, bila kujipunguzia. Hakuna aliyempigia kelele, na angefurahi kama wangempigia. Mmoja wa wale wanawake watano aliinuka akatoka nje, kitabu chake cha nyimbo kikabaki kitini. Josephat alikunja karatasi ya majina mara mbili, mara nne, mpaka ikakataa kukunjika. Kuanzia siku hiyo kwaya ilipata mwalimu mwingine, na mtoto mmoja shuleni alimwuliza Hudson kwa unyofu kama ni kweli. Akamjibu ni kweli, akaendelea na sehemu za kumi.

Vijana walikwenda baharini hata hivyo, ila waliingia mbele ya banda la bajia, maji ya magoti, kumi kumi, Mwanakombo akimpigia makofi kila aliyeweza kulala chali na kuinua mkono. Gertrude alikuwepo. Hudson alisimama peke yake mkabala na palipotulia, amevaa viatu. Saa tisa swali likaja kutoka pale pengoni, naye akalijibu kwa sauti kamili, watu wakisikia: "Elea, Daisy. Inua mkono, mwanangu. Elea."

Gertrude aliingia majini hadi vifundoni. Alichota bahari kwa kiganja, akajaza kinywa, akatema kwa mbali, matone yakaangaza na kuanguka penye utulivu.

"Hasira yangu naitema," alisema bila kumtazama Hudson. "Ya mwanangu siwezi kumtemea. Hiyo mtamalizana wenyewe."

Jumamosi iliyofuata Elsie alideki sebule. Maji yalienea, yakatulia, yakatoka kwa tundu la nyuma kwenda kwa mpapai, kama yalivyoagizwa na fundi. Elsie alikaa kitini akajifunika uso kwa khanga, na Sharon akauliza mama anacheka au analia.

Hudson alitoa kigoda uani, akaketi karibu na beseni. Saa ilipokaribia hakungoja kuulizwa. "Elea," alisema, "elea, mama," na maji yakatetemeka kidogo kama ngozi ya mtu anayeguswa usingizini, yakatulia. Alikaa akisikiliza. Kuku walikuwa kimya. Alikuwa ameanza kuinuka aliposikia pumzi ikivutwa, si ya Daisy, fupi zaidi. Na nyuma yake nyingine, na nyingine, nyingi, kama waimbaji wanaojiweka sawa kabla ya wimbo. Kisha sauti ya mtoto asiyemjua ikauliza kutoka chini ya maji:

"Na mimi, Mwalimu?"